Mwalimu wangu ametenguliwa Wikipedia, sasa amesusa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mhariri wa kujitolea kwenye Wikipedia ya Kiswahili kwa miaka kadhaa sasa. Si mkabidhi, yaani msimamizi mwenye uwezo wa kufuta na kuficha kurasa, wala sina hamu ya kuwa. Kazi yangu ni kurekebisha viungo, kupanga jamii, yaani makundi ya makala, na kutafsiri makala za kemia taratibu, jioni nikipata nafasi. Kilichonileta kwako ni Mwalimu.

Mwalimu alinifundisha biolojia nikiwa sekondari. Amestaafu, lakini kichwa chake bado kinachemka, na ana kabati zima la vitabu vya mimea. Nilipomwambia kwamba mtu yeyote anaweza kuandika Wikipedia hakuamini. Nikamfungulia akaunti, nikamwonyesha mahali palipoandikwa Hariri, nikamwachia uwanja. Akachagua makala ya mlonge, kwanza kwa sababu ilikuwa fupi, pili kwa sababu mlonge anaujua kuanzia mbegu hadi mizizi.

Aliandika aya sita ndefu. Kiswahili chake, Shangazi, ungependa kukisoma kwa sauti. Ila hakukuwa na tanbihi hata moja, na aya ya nne ilidai kwamba majani ya mlonge yanatibu kisukari, shinikizo la damu na saratani. Mwishoni akaweka jina lake kamili, cheo alichostaafu nacho na namba yake ya simu, "kwa maelezo zaidi". Haikupita saa moja, mkabidhi mmoja akatengua yote na kumbandikia kigezo cha onyo, yaani ujumbe ulioandikwa tayari, kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Mwalimu akairudisha. Ikatenguliwa. Akairudisha tena, safari hii akaandika kwenye muhtasari, ule mstari wa kueleza badiliko, kwa herufi kubwa: MIMI NI MWALIMU WA SOMO HILI. Ikatenguliwa tena.

Hapo nikaingilia. Nilimtumia viungo vya kanuni zote za msingi, na nyingine nilizichukua kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa kuwa huko zimeelezwa kwa kirefu. Hakunijibu. Usiku nikaingia kwa akaunti yake, maana neno la siri niliweka mimi, nikaziandika upya zile aya na kumjibu mkabidhi kwa adabu kwa niaba yake. Kisha nikaja na akaunti yangu kuunga mkono: kwamba mhariri huyu mpya ana nia njema na aya zake zirudishwe. Mkabidhi ameuliza kama akaunti hizi mbili ni za mtu mmoja. Na Mwalimu alipofungua ukurasa akakuta chini ya jina lake maneno ambayo hakuyaandika.

Amesusa. Anasema, "Hao watoto wameifuta kazi yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyeniamkia."

Nimrudishe vipi bila kumvunjia heshima? Nimfundishe nini kwanza, maana mambo ni mengi? Je, yule mkabidhi, ambaye kwa uandishi wake naona ni kijana, hapaswi kumwomba Mwalimu radhi? Na mwisho, Mwalimu afungue akaunti nyingine aanze upya, au aendelee na hiyo hiyo?

Ni mimi,
Mwenyeji Aliyechoka


Marahaba mwanangu.

Kabla ya heshima na mafunzo, kuna jambo la kufanya sasa hivi, nalo hukuniuliza: ile namba ya simu. Unafikiri imeondoka kwa sababu hariri ilitenguliwa. Haijaondoka. Kila toleo la ukurasa linabaki kwenye historia, na yeyote anayejua kubofya tarehe ya zamani atalikuta jina la Mwalimu, cheo chake na namba yake. Tena ameirudisha zaidi ya mara moja, kwa hiyo yako matoleo kadhaa yenye namba hiyo. Mkabidhi ana uwezo wa kuyaficha, na juu yake wapo wenye mamlaka ya kuyaficha hata wakabidhi wenyewe wasiyaone. Mwandikie mkabidhi kwa barua pepe, kupitia kiungo cha kumtumia mtumiaji barua, umweleze ni matoleo yapi. Usiliweke ombi hilo kwenye ukurasa wa jumuiya, maana utakuwa unawaonyesha watu mahali pa kuchungulia. Ukishatuma, rudi tuendelee.

Sasa la pili, nalo halitakupendeza. Unamwona mkabidhi kuwa mkali kwa kuuliza kama akaunti hizo mbili ni za mtu mmoja. Mimi ningeuliza hivyo hivyo. Akaunti ya siku chache inagombana. Ghafla inabadilika mwandiko, inakuwa na adabu na kujua kanuni. Halafu inatokea akaunti ya zamani kuipigia debe. Mtu yeyote aliyewahi kulinda kurasa ameshaona mchezo huo, na mara nyingi mwisho wake si mwema. Kwenye Wikipedia akaunti ni ya mtu mmoja. Kila hariri inahesabiwa kuwa ya mwenye jina, naye ndiye atakayeulizwa. Wewe ulimtia Mwalimu maneno mdomoni mbele ya watu, halafu ukajitokeza kama mtu mwingine kabisa kumpongeza kwa maneno hayo.

Njia ya kutoka ni fupi. Kwa akaunti yako, chini ya swali la mkabidhi, eleza kwamba maandishi ya usiku ule yalikuwa yako, kwamba mwenye akaunti hakujua, na kwamba mnafahamiana nje ya Wikipedia. Sentensi mbili tatu, bila kujitetea, kisha weka sahihi yako. Baada ya hapo Mwalimu mwenyewe abadilishe neno la siri, wewe ukiwa umegeuka upande wa pili. Hukatazwi kumuunga mkono kwenye mjadala hata siku moja, ilimradi useme mnajuana. Kinachowachefua wahariri ni kugundua wenyewe.

Tuje kwa Mwalimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa katiba. Tena katiba ya nchi nyingine! Kila lugha ya Wikipedia ina jumuiya yake inayojiwekea taratibu zake juu ya misingi michache wanayoshirikiana wote. Ile kanuni ya Kiingereza kwamba ukitengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 unafungiwa, ile ya kungoja siku nne na hariri kumi ndipo akaunti ipewe ruhusa zaidi, na msitu mzima wa kurasa za vifupisho ulizompelekea, havimsaidii mtu ambaye bado hajui tofauti ya ukurasa wa makala na ukurasa wa majadiliano. Wikipedia ilianza Januari 2001 karibu bila kanuni yoyote, na hii ya Kiswahili ilianza 2003. Kurasa hizo zilirundikana baadaye, ugomvi mmoja baada ya mwingine. Wewe ulizijua moja moja, kila moja siku ulipoihitaji. Mwalimu unataka azimeze kwa mkupuo?

Kususa kwake si jambo dogo, wala si tabia ya wazee. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliongezeka hadi kufikia kilele mwaka 2007, kisha idadi ikaanza kushuka. Watafiti waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2013 walikuta kwamba sababu kubwa ilikuwa jinsi wageni walivyopokelewa: watu wenye nia njema kabisa walikuwa wanatenguliwa siku zao za mwanzo, mara nyingi kwa programu na maonyo yaliyoandikwa tayari, nao wakaondoka wasirudi. Jumuiya yenyewe ina mwongozo wa siku nyingi unaosema usimng'ate mgeni. Mwongozo upo, na kung'atwa kupo.

Kwa hiyo unauliza nini kije kwanza. Ichukue sentensi yake mwenyewe uanzie hapo. Anasema wameifuta kazi yake yote. Si kweli, na jambo la kwanza ni kumwonyesha kwamba si kweli. Keti naye, fungueni makala ya mlonge, na badala ya Hariri mwambie abofye historia. Yeye abofye, siyo wewe. Atakuta orodha: tarehe, saa, jina la mhariri, ukubwa wa badiliko na muhtasari. Achague toleo lake alifungue. Aya zake sita zipo, nukta kwa nukta. Kutengua maana yake ni kulirudisha toleo la awali mbele, na la kwake likabaki nyuma yake. Kufuta ni jambo jingine: ukurasa mzima unaondolewa, na hapo ni wakabidhi tu wanaoweza kuona kilichokuwamo. Hata ukurasa uliofutwa, ukiomba vizuri unaweza kurudishiwa maandishi ukayafanyie kazi kwenye kurasa zako. Mwalimu hajafutiwa kitu. Nadhani akishaliona hilo kwa macho yake, nusu ya hasira itashuka.

Msiondoke haraka kwenye historia. Teremkeni hadi chini kabisa, kwenye toleo la kwanza la makala. Pengine mtakuta mistari miwili mitatu na alama ya mbegu, yaani makala iliyoanzishwa tu ikingoja watu wa kuikuza. Pandeni nayo juu: huyu ameongeza picha, huyu amerekebisha tahajia, roboti, yaani programu ya kujiendesha, imepita kupanga viungo, fulani kaandika upuuzi na kuondolewa dakika ile ile. Mlinganishe matoleo mawili, aone kilichoongezwa na kilichotolewa vikiwa ubavu kwa ubavu. Mtu wa biolojia atapenda kuona kitu kinavyokua. Mimi huwa nafungua historia kabla ya kusoma makala yenyewe, lakini hiyo ni kasoro yangu.

Jambo gumu linafuata, na ndipo ninapotaka utulie zaidi. Mwalimu aliandika MIMI NI MWALIMU WA SOMO HILI kwa sababu maisha yake yote sentensi hiyo imetosha. Darasani inatosha. Mkutanoni inatosha. Kwenye Wikipedia haina uzito wowote, na hakuna namna ya kulisema hilo likawa tamu. Ila unaweza kumweleza kwa nini.

Kabla ya Wikipedia, waanzilishi wake, Jimmy Wales na Larry Sanger, walikuwa na ensaiklopidia nyingine ya mtandaoni iliyoitwa Nupedia. Ilianza mwaka 2000. Ilikuwa vile hasa Mwalimu angependa: makala ziandikwe na wataalamu na kukaguliwa na wataalamu wenzao, kwa hatua saba. Hadi inafungwa mwaka 2003, makala zilizovuka hatua zote hazikufika 30. Wikipedia ilianzishwa iwe kijito tu cha kuipelekea Nupedia maandishi, na kijito kikaumeza mto. Lakini kumfungulia mlango kila mtu kuna gharama yake: hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba aliye nyuma ya jina fulani ni mwalimu kweli, au daktari kweli, au mtoto wa darasa la tano aliyechoshwa na likizo. Basi mamlaka yakahamishwa kutoka kwa mwandishi kwenda kwenye chanzo. Haiulizwi wewe ni nani. Inaulizwa: limechapishwa wapi?

Hata mwenye kitu chake hasalimiki. Mwaka 2012 Philip Roth, mwandishi mkubwa wa riwaya wa Marekani, alitaka yasahihishwe maelezo kuhusu asili ya mhusika katika riwaya aliyoiandika yeye mwenyewe. Akajibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi, vinahitajika vyanzo vingine. Alikasirika, nani asingekasirika? Akaandika barua ndefu ya wazi, ikachapishwa na jarida la The New Yorker. Na kwa kuwa sasa maelezo yake yalikuwa yamechapishwa, yakaweza kutajwa kwenye makala. Msimulie Mwalimu kisa hicho. Atacheka, au atasema huo ni wendawazimu, na yote mawili ni sawa. Atakachoelewa ni kwamba hakubaguliwa yeye.

Halafu umpeleke kwenye kabati lake la vitabu. Hapo ndipo uliponishangaza, mwanangu. Una mtu mwenye vitabu vya mimea ambavyo wahariri wengi hawana namna ya kuvifikia, na wewe unamtumia viungo! Wageni wengi wanaamini chanzo lazima kiwe kwenye intaneti, tena kwa lugha ya makala. Sivyo. Kitabu cha karatasi kinakubalika, chapa ya zamani inakubalika ilimradi maarifa yake hayajapitwa, na lugha yoyote inakubalika. Kinachotakiwa ni mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji na ukurasa. Kwenye kihariri kile kinachoonyesha ukurasa kama utakavyosomwa, ukiandika ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, kwenye sehemu ya kuweka tanbihi, mara nyingi inajaza yenyewe karibu kila kitu; ukurasa unauongeza kwa mkono. Vitabu vilivyochapwa kabla ISBN hazijaanza utavijaza mwenyewe, si kazi kubwa. Kisichokubalika ni daftari lake la masomo, hata liwe zuri namna gani, wala makala ya Wikipedia ya Kiingereza kutumika kama chanzo. Hiyo unaweza kuitafsiri, na ukitafsiri unasema kwenye muhtasari kwamba umetafsiri kutoka wapi, kwa sababu leseni ya Wikipedia inadai waandishi wa kwanza watambuliwe. Lakini huitumii kama ushahidi.

Usimwambie "Mwalimu, hapa umekosea." Mwulize, "Mwalimu, hili liko kitabu gani, ukurasa wa ngapi?" Si ujanja wa kumtuliza mzee, ndilo swali lenyewe, na mhariri yeyote angemwuliza hilo hilo. Tena ni swali ambalo aliwauliza nyinyi miaka yote.

Zichukueni zile aya sita moja moja. Maelezo ya majani, maua na maganda ya mbegu yatapata chanzo ndani ya dakika chache. Kwamba mti huo, Moringa oleifera, asili yake ni kaskazini mwa India, hilo liko kwenye vitabu chungu nzima. Unga wa mbegu zake unavyozikusanya chembe za tope kwenye maji zikashikamana na kutuama, pia limeandikwa sana, ingawa aseme wazi kwamba maji kung'aa si sawa na maji kuwa salama. Kila aya ikishapata tanbihi, airudishe. Moja. Ahifadhi, aweke muhtasari wa maneno machache: "nimeongeza maelezo ya mbegu, na chanzo". Kisha nyingine. Hariri ndogo yenye chanzo ni ngumu kuitengua; rundo la aya sita lenye kasoro moja linaondolewa lote kwa kubofya mara moja, kama mlivyoona.

Ile aya ya nne msiirudishe. Hapa niko na mkabidhi kwa asilimia mia. Kusema mmea unatibu saratani ni kumwambia msomaji mgonjwa, aliye peke yake na simu yake, kwamba anaweza kuacha dawa. Mambo ya tiba yanadai vyanzo vizito kuliko mengine: mapitio ya tafiti nyingi kwa pamoja, vitabu vya kitabibu, miongozo ya taasisi za afya. Utafiti mmoja wa panya wa maabara hautoshi, na ushuhuda wa jirani hata usiuguse. Linaloweza kuandikwa, kama chanzo kipo, ni kwamba watu huutumia kwa tiba za asili na kwamba watafiti wameuchunguza kwa hili na lile. Mwalimu anaijua tofauti ya sentensi hizo mbili kuliko mimi na wewe. Mwachie aiandike mwenyewe.

Sasa kuhusu kuamkiwa. Sitaki ulipuuze, maana ndilo lililomuuma. Mkabidhi hakuona mzee, aliona jina la mtumiaji na aya zenye namba ya simu, jambo ambalo matapeli wa dawa hulifanya kila siku. Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi mno na wakabidhi wachache, wote wa kujitolea. Kazi yao kubwa ni kupitia mabadiliko ya karibuni na kuzuia uharibifu, na kigezo kinawaokoa wasiandike maneno yale yale kutwa. Kigezo hakiamkii mtu. Hata hivyo naona alikosea mahali pawili: aliondoa aya nzuri pamoja na mbaya bila kusema ipi ni ipi, na alipoona mtu anarudi mara ya pili hakuandika hata mstari mmoja kwa mkono wake. Mtu anayerudi ni mtu anayejali, na anastahili sentensi.

Kuomba radhi? Usimdai. Ukidai radhi kwa sababu ya umri utaanzisha mjadala mrefu kuhusu nani ni nani, na Mwalimu ndiye atakayekuwa mada. Badala yake mwachie mkabidhi ujumbe kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Mwambie kwamba mhariri huyu ni mgeni kweli, ni mwalimu mstaafu wa biolojia, ana vitabu, na anakusudia kurudisha aya moja moja zikiwa na vyanzo. Mwombe amkaribishe kwa maneno yake mwenyewe. Omba Mwalimu ruhusa kabla ya kusema habari zake, hata hizo za kustaafu. Nina hakika kiasi kwamba atakaribishwa. Wakabidhi wa Wikipedia ndogo wana njaa ya watu kama yeye kuliko unavyofikiri.

Naye afundishwe kujibu. Ukurasa wa majadiliano unafanana na makala, na ndiyo maana watu huchanganya. Kwenye makala hatuweki sahihi kabisa, jina la mwandishi liko kwenye historia. Kwenye majadiliano tunaweka sahihi kila mara, kwa viwimbi vinne, ~~~~, navyo vinageuka vyenyewe kuwa jina na tarehe. Ujumbe mpya unakwenda chini. Sehemu nyingine sasa kuna kitufe cha kujibu kinachofanya hayo yote. Na akitenguliwa siku nyingine, maana atatenguliwa, asirudishe. Aende majadiliano aulize kwa nini, angoje. Kwenye jumuiya ndogo jibu linaweza kuchukua siku kadhaa, na ukimya huo si dharau.

Mengine nayapitia haraka. Viungo vyekundu ni kurasa ambazo hazipo bado. Asiviogope, lakini asianze navyo. Makala mpya isubiri, ni kazi ya mtu aliyekwisha kuzoea. Makala kuhusu yeye mwenyewe, shule aliyofundisha au kitabu alichochapisha, asiiguse; kama ana jambo la kupendekeza aliseme majadiliano na wengine waamue. Kuna ukurasa wa mazoezi ambapo anaweza kuharibu atakavyo. Kwenye Wikipedia nyingi mgeni akiingia anaonyeshwa ukurasa wake wa mwanzo wenye kazi ndogo ndogo za kuchagua na jina la mlezi wa kumwuliza; kama anaye, amwulize mlezi pia, asikutegemee wewe tu.

Ningempa kazi moja ya kufurahisha mapema: picha. Apige picha za mimea kwa simu yake, apakie Wikimedia Commons, hazina ya picha iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote. Picha aliyopiga mwenyewe haina mzozo wa hakimiliki, ilimradi akubali leseni huria, yaani kila mtu aruhusiwe kuitumia. Ganda la mlonge lililopasuka, mbegu zenye mabawa zikionekana, linaweza kuishia kwenye makala ya Kijapani bila yeye kuandika neno la Kijapani. Na kazi ya pili, kama atapenda: kusafisha makala za mimea zilizotafsiriwa kwa mashine. Ziko nyingi, zina Kiswahili cha kutisha, na wewe umesema chake kinasomeka kwa sauti.

Wewe, mnapokaa pamoja, usishike kipanya. Ataandika kwa kidole kimoja, atabofya pasipohusika, atahifadhi kabla ya kumaliza. Nyamaza. Akiacha kosa la tahajia usikimbilie kulisahihisha usiku. Asubuhi ataliona mwenyewe na kulirekebisha, na hiyo nayo ni hariri, ya kwake. Najua itakuwasha mkono.

Umeuliza kama afungue akaunti nyingine. Hapana, aendelee na hiyo hiyo. Swali la akaunti mbili likiwa bado liko mezani, ya tatu itamfanya mkabidhi asiamini neno lenu lolote, na akaunti ya sasa haina doa kubwa: ina hariri zilizotenguliwa, basi, kama zetu zote. Ikiwa kinachomsumbua ni kwamba mlipoifungua mlitumia jina lake kamili, anaweza kuomba abadilishiwe jina la mtumiaji, na michango yote itahamia kwenye jina jipya.